Kiingereza tunachosomea vyuoni kwenu kihesabiwe

Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya jamii, wakuu wa vyuo vikuu vya umma na bodi za elimu ya juu za majimbo, Marekani

Waheshimiwa,

Poleni na kazi. Nawaandikia kuhusu vijana na watu wazima wanaoingia kwenye komyuniti koleji zenu, yaani vyuo vya jamii vya miaka miwili, wakiwa bado hawajakimudu Kiingereza, wanaosoma ESL (Kiingereza kwa wenye lugha nyingine) semesta baada ya semesta, kisha wanataka kuhamia chuo kikuu wakachukue shahada. Ninachoomba ni hiki: mtu akisoma Kiingereza chuoni kwenu, akalipia na akafaulu, apewe krediti, ile hesabu ya masomo inayojumlishwa kufikia shahada, nayo ihesabike kwenye shahada yake na chuo kikuu kiipokee. Na kama ipo kozi isiyohesabika, aambiwe kabla hajasaini, tena kwa lugha anayoielewa.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa wazazi wa wanafunzi hao ndio wanaouliza jioni, "Masomo yamefika wapi?", na nataka nao wasome ninachowaambia ninyi. Ofisi zenu huwaita wakalimani wa Kiswahili wakati wa usajili. Mimi ni mmoja wao, najitolea baada ya zamu zangu za kazi. Njia hiyo nimeipita mwenyewe: ESL, kozi za krediti, uhamisho, shahada. Sisemi ya kusikia.

Wengi wetu tumetoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, majimbo ya Kivu Kusini, Kivu Kaskazini na Tanganyika, tukapitia kambi: Nyarugusu kule Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, Nakivale ya Uganda, Kakuma ya Kenya, Dzaleka ya Malawi. Katika mwaka wa fedha wa serikali wa 2016, Kongo ndiyo iliyoongoza kwa wakimbizi waliopokelewa Marekani, watu 16,370. Katika ule wa 2023 ikaongoza tena, watu zaidi ya 18,000. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa, lakini waliokwisha kufika wapo, Kentucky, Iowa, Texas, Arizona, Ohio, Idaho, na watoto waliobebwa mgongoni wakati wa safari sasa ndio wanaofikia umri wa chuo.

Naomba mjue kijana wa Nyarugusu anakuja na nini. Shule za Wakongo kambini zilifuata mtaala wa Kongo, siyo wa Tanzania. Sekondari ilisomwa kwa Kifaransa, na mwisho wake ulikuwa mtihani wa Serikali, ule unaompa mtu Diplôme d'État. Nyumbani ni Kiswahili, Kibembe au Kifuliiru. Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya mengi, na lugha ya maofisa wa mashirika waliokuja kutuhoji kabla ya kusafiri. Aliyekulia Nakivale au Kakuma hali yake ni nyingine, maana huko shule ni za Kiingereza, naye akifika hapa mara nyingi huruka ngazi kadhaa. Wa Nyarugusu anafika kwenu akijua hesabu za milinganyo, kemia, biolojia ya seli, na kuandika insha ndefu kwa Kifaransa. Ana lugha tatu au nne. Iliyopungua ni moja. Anapowekwa kapu moja na watu wanaofundishwa upya kusoma na hesabu za msingi, anachukuliwa kama mtu ambaye hakusoma, na muda ukipita naye huanza kuamini hivyo.

Nilimsindikiza binti mmoja wa kanisani kwetu kwa mshauri wa masomo. Alikuwa anajiandaa kuomba uhamisho, anataka uuguzi. Kwenye karatasi yake ya matokeo, kozi za ESL zilijaza sehemu kubwa ya ukurasa wa kwanza: kusoma, kuandika, sarufi, kusikiliza na kuzungumza, ngazi kwa ngazi. Safu ya alama ilikuwa A na B tupu. Safu ya pembeni yake, ya krediti zinazohesabika kwenye shahada, ilikuwa sifuri kutoka juu hadi chini. Mshauri, mama mwenye roho nzuri, aligeuza kioo cha kompyuta ili binti aone, akateremka na ncha ya kalamu mstari kwa mstari. Binti akaniuliza kwa Kiswahili, "Kwa hiyo bado sijaanza?" Nilitafsiri swali lake kama lilivyo. Mshauri alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba ndiyo, kwa upande wa shahada, kozi ya kwanza itakuwa ile ya semesta inayofuata.

Mama yule hakukosea, alisoma kilichoandikwa kwenye kanuni za chuo. Kanuni hizo ndizo ninazoomba mziangalie upya, maana zinamgharimu mwanafunzi mambo mawili ambayo hayarudi, muda na Pell Grant.

Kuhusu Pell, ndugu zangu wengi hawajui, kwa hiyo nitaeleza. Ni msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho ambao haurudishwi kama mkopo, na mkimbizi anastahili kuuomba kwa fomu ya FAFSA kama raia. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 kilikuwa dola 7,395. Lakini tangu Julai 2012 una kikomo cha maisha: semesta 12 za masomo ya kutwa, yaani ya mzigo kamili wa kozi, basi. Anayesoma nusu hula nusu, anayesoma kutwa hula semesta nzima. Shahada ya kwanza huhitaji krediti kama 120, yaani semesta nane za krediti 15 kila moja. Mtu akitumia semesta nne za kutwa kwenye ESL ya sifuri, zimebaki nane kamili, na ili zitoshe itabidi asifeli kozi hata moja, asibadilishe fani, mtoto asiugue, na kiwanda kisimhamishe zamu katikati ya muhula. Wachache mno kati yetu wanaoishi hivyo. Wengi Pell inawaishia wakiwa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, mahali ambapo ada ni kubwa kuliko huku walikoitumia.

Na hapa pana jambo linalonisumbua zaidi kuliko yote. Kanuni za shirikisho zinaweka ukomo wa krediti 30 kwa kozi za kurudia masomo ya msingi ambazo msaada unaweza kulipia, lakini kozi za ESL haziingizwi kwenye ukomo huo. Aliyeziandika alitambua kwamba kujifunza lugha ni kitu kimoja, na kurudia masomo yaliyokupita ni kitu kingine. Vyuo vingi vikazichanganya tena, vikazipa ESL namba zile zile za kozi zisizo na thamani, chini ya 100, kana kwamba anayejifunza Kiingereza anarudia darasa alilowahi kufeli.

Sasa tazameni upande wa pili wa korido. Kijana wa Kimarekani asiyejua neno la Kihispania anajiandikisha kozi ya kwanza ya Kihispania. Anajifunza kujitambulisha, kuhesabu, kuagiza chakula. Mwisho wa semesta anapata krediti tatu, nne au tano, na zinahesabika kwenye shahada. Kuna vyuo vikuu vya umma vinavyofundisha Kiswahili chetu, Wisconsin–Madison, Indiana na Kansas vikiwemo, na mwanafunzi wa huko anayeanzia "hujambo" na "sijambo" anapata krediti. Nafurahi sana kwamba anazipata, anastahili. Lakini mwenzake aliyetoka Uvira, ambaye kwenye ESL ya ngazi ya juu amesoma sura nzima ya kitabu cha historia, ameifupisha, ameipinga kwa hoja, ametaja vyanzo na kuandika kurasa tano katika lugha yake ya nne, hapati kitu. Wote wawili wamejifunza lugha ya kigeni chuoni. Kama lugha ya kigeni ni sehemu ya elimu ya mtu aliyesoma, ni sehemu ya elimu ya wote wawili.

Nimewahi kujibiwa kwamba ESL ni maandalizi tu ya masomo ya chuo. Kihispania cha kwanza nacho ni maandalizi ya Kihispania cha pili, na bado kinahesabiwa. Siombi kozi ya kumfundisha mtu alfabeti ihesabiwe kwenye shahada. Siombi pia ESL ichukue nafasi ya kozi ya uandishi wa Kiingereza ambayo kila mwanafunzi wa Marekani huipitia, maana ile nayo tunaihitaji. Naomba ngazi za juu, zile mbili au tatu zinazotangulia kozi hiyo, zihesabiwe kama krediti za lugha ya kigeni au za kozi za hiari. Jambo hili linawezekana, na lipo. Chuo Kikuu cha California hupokea baadhi ya kozi za juu za ESL kutoka vyuo vya jamii kama krediti za uhamisho, kwa kikomo maalumu. Dunia haijaanguka kwa ajili hiyo.

Tena mtupe nafasi ya kuonyesha lugha tulizokuja nazo. Upo mtihani wa CLEP wa Kifaransa, na mtu aliyesoma sekondari yote kwa Kifaransa anaweza kuufanya na kupata krediti kwenye vyuo vinavyoukubali, bila kukaa darasani hata siku moja. Upo upimaji wa Kiswahili wa ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha za kigeni. Kwa miaka yote niliyokaa ofisini kwenu kama mkalimani, sijamsikia mshauri hata mmoja akimtajia Mkongo jambo hili asipoulizwa. Kwa mwanafunzi anayehesabu kila dola, krediti sita au tisa za namna hiyo ni sehemu moja ya tano ya mwaka wa masomo hadi karibu theluthi yake.

Nihamie kwenye upimaji wa ngazi, yaani ule mtihani wa kompyuta wa siku ya kwanza. Mtu ametoka zamu ya usiku kiwandani, anaketi mbele ya kioo, anajibu maswali ya kuchagua, na matokeo ya saa chache yanaamua miaka yake miwili au mitatu ijayo. Hakuna anayemuuliza alisoma nini Kigoma. Hakuna anayefungua bahasha ya Diplôme d'État aliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni tangu kambini. Mwaka 2016 kampuni ya ACT iliuondoa mtihani wake wa Compass, baada ya tafiti kuonyesha kwamba mitihani ya aina hiyo iliwatupa wengi kwenye kozi za kurudia wasizozihitaji. Mtihani mmoja ukaondoka, mazoea yakabaki.

California ilichukua hatua kwa sheria. Sheria ya AB 705 ya mwaka 2017, inayovihusu vyuo vyake vya jamii, ambavyo leo ni 116, inadai vyuo vitazame matokeo ya sekondari ya mwanafunzi na visitegemee mtihani pekee. Kwa wanafunzi wa ESL, inadai wapangwe kwa namna itakayowapa nafasi kubwa kabisa ya kumaliza Kiingereza cha kiwango cha chuo kikuu ndani ya miaka mitatu. Kinachonifurahisha kwenye sheria hiyo ni kwamba imetaja muda. Majimbo mengi tunakoishi hayajatamka kwamba mtu wa ESL anapaswa kufika mahali fulani kabla ya muda fulani, na pasipo na muda hakuna anayeulizwa kwa nini wengi hawafiki.

Nasema haya nikijua kwamba haraka nayo huumiza. Nimeona watu waliorushwa kwenye kozi ya uandishi ya kiwango cha chuo bila msaada wowote, wakafeli, wakaona aibu, wakaacha. Njia ninayoiamini ni ya kumweka mtu kwenye kozi yenye krediti na kumpa darasa la msaada pembeni, semesta hiyo hiyo, ikiwezekana na mwalimu huyo huyo. Chuo cha jamii cha Baltimore County, Maryland, kilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2007, na vyuo vingi nchini vimeuiga.

Nitasimulia kwa nini naiamini. Nilipokuwa nasaidia kwenye kituo cha uandishi cha chuo, alikuja mzee mmoja wa Fizi na insha iliyokuwa imekataliwa. Alikuwa ameandika jinsi muhogo mchungu unavyotayarishwa kwao: kumenya, kuulowesha majini siku kadhaa mpaka ulainike na sumu itoke, kuanika juani, kutwanga, kuchekecha. Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Alieleza harufu ya maji yanapokuwa tayari na jinsi vidole vinavyojua kipande kilichoiva hata kabla ya macho. Sarufi ilikuwa na makosa, lakini msomaji hapotei. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba insha haina wazo kuu. Nikaisoma tena. Wazo kuu lilikuwepo, sentensi ya mwisho kabisa: anayeharakisha kulowesha muhogo anawapa watoto wake sumu. Nilimuuliza mbona ameiweka mwisho. Akanijibu kwamba shuleni walifundishwa hivyo, unamwingiza msomaji polepole, unampitisha pande zote, kisha ndipo unatamka msimamo wako, na kuanza na jibu ni kukosa adabu. Tulihamisha sentensi hiyo moja hadi aya ya kwanza, tukarekebisha nyakati za vitenzi, akairudisha. Ilipita.

Mzee yule alihitaji mtu wa kukaa naye na kumwambia jinsi Wamarekani wanavyopanga hoja. Alikuwa akisomea kozi ngazi mbili chini ya ile ya krediti, na kama angefuata ratiba, angelisikia jambo hilo akiwa ameshatumia mwaka mwingine. Walimu wenu wengi wa ESL wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Wengi ni wa muda, wanalipwa kwa kozi, wanakimbia kutoka chuo kimoja hadi kingine, na hawana hata meza ya kukutania na mwanafunzi baada ya kipindi. Wapeni saa za kukaa na watu, na mzilipie.

Kwa ngazi za chini kabisa, tafadhali waelekezeni watu kwenye madarasa ya bure ya elimu ya watu wazima kabla ya kuwaandikisha kwenye kozi zinazokula Pell. Madarasa hayo yapo, mengine yako ndani ya majengo yenu wenyewe. Huko New York, CUNY, chuo kikuu cha umma cha mji huo, ina programu iitwayo CLIP tangu mwaka 1995: mwanafunzi aliyekwisha kukubaliwa chuoni anaahirisha kuanza shahada, anasoma Kiingereza kwa nguvu, hadi saa 25 kwa wiki, kwa ada ndogo, na msaada wake wa masomo unabaki bila kuguswa. Ikiwa mji mkubwa vile umeweza, jimbo lenye Wakongo elfu kadhaa linaweza kuwa na darasa moja la aina hiyo, hata la jioni. Nasema jioni kwa sababu kozi inayoanza saa nne asubuhi, kwa mtu wa kiwanda cha nyama au wa ghala, ni kama haipo.

Jambo jingine dogo la kikanuni lenye maumivu makubwa: kile kipimo cha maendeleo kinachomtaka mtu amalize ndani ya asilimia 150 ya krediti za programu yake. Kwa programu ya krediti 60, ni krediti 90 tu za kujaribu. Msiziingize saa za ESL kwenye hesabu hiyo. Haiwezekani kozi isihesabike inapomsaidia mwanafunzi, ikahesabika inapomfungia msaada.

Sasa nigeukie vyuo vikuu, maana lawama zote zisiishie kwa wadogo. Ripoti ya mwaka 2017 ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama chuo walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Hao ni wanafunzi wote, wengi wao waliozaliwa na Kiingereza. Takwimu zilizotolewa mwaka 2024 zinaonyesha kwamba kati ya wanaoanzia chuo cha jamii, theluthi moja hivi ndio wanaohamia chuo cha miaka minne, na asilimia 16 tu ndio wanaopata shahada ndani ya miaka sita. Mtu wetu anaingia kwenye mlango huo huo mwembamba akiwa amechelewa, kwa kuwa miaka yake ya kwanza haikuandikwa popote.

Tatizo hili si la kuumiza kichwa, kama kuna nia. Florida ina makubaliano ya jimbo zima kuhusu uhamisho tangu mwaka 1971, na kozi za vyuo vyake vya umma zina namba za pamoja, kwa hiyo mwanafunzi akiona namba anajua itapokelewa. California ina shahada ya miaka miwili ya uhamisho iliyowekwa na sheria ya mwaka 2010. Ninachoomba ni kwamba mikataba kama hiyo itaje ESL kwa jina. Siku hizi inakaa kimya, na ukimya huo kwenye dawati la uhamisho maana yake ni hapana.

Na hili la TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, liachwe. Mwanafunzi aliyefaulu kozi mbili za uandishi za kiwango cha chuo, ameandika insha zake zote kwa Kiingereza, amefaulu biolojia na saikolojia kwa Kiingereza, anafika chuo kikuu anaambiwa alete TOEFL kwa sababu alizaliwa mahali fulani. Mtihani huo unagharimu zaidi ya dola 200, na matokeo yake yanadumu miaka miwili tu. Vyuo vikuu vingi hukubali kozi hizo mbili badala yake. Ambavyo havikubali, naviomba vifuate wenzao.

Ndugu zangu wazazi na vijana mnaosoma barua hii, wakati tunasubiri majibu, msisaini kabla hamjauliza. Muulize mshauri: kozi hii ina krediti za shahada au hapana? Itakula Pell yangu? Chuo kikuu ninachokitaka kitaipokea? Mtihani wa ngazi naweza kuurudia? Ombeni majibu kwa maandishi, hata kwa barua pepe ya mistari mitatu, na muitunze. Pelekeni vyeti vyenu vya Kongo vikatathminiwe mapema, hata kama hakuna aliyewaagiza. Mkiitiwa mkalimani asiye wa kwetu, semeni. Ni haki yenu kuelewa mnachokisaini.

Waheshimiwa, mikataba na sheria huchukua muda, nalielewa hilo, na mabaraza ya walimu lazima yakae na kukubaliana. Lakini lipo jambo lisilohitaji kikao cha bodi. Andaeni ukurasa mmoja kwa kila chuo: ngazi zote za ESL zikiwa zimeorodheshwa, na mbele ya kila moja iandikwe kama inatoa krediti za shahada, kama inatumia Pell, na ni vyuo vikuu gani vya jimbo vinavyoipokea. Ukurasa huo apewe mwanafunzi kabla ya mtihani wa ngazi, si baada yake. Sisi wakalimani wa kujitolea tutautafsiri kwa Kiswahili bila malipo, na wapo wa Kifaransa, Kinyarwanda na Kirundi watakaofanya vivyo hivyo. Tukiupata kabla ya Juni, utakuwa umefika makanisani na misikitini kabla ya usajili wa semesta ya Agosti.

Wenu,
Mkalimani wa kujitolea, mhitimu wa chuo cha jamii na chuo kikuu cha umma